Kaka amehamisha minyaa ya ngitili, na daftari la mipaka liko kwangu

Dada Mshauri, shikamoo.

Naomba jina langu na la kijiji chetu yasiandikwe. Ukisema Shinyanga inatosha, wa huku wataelewa.

Nina miaka 47. Nilirudi nyumbani miaka 11 iliyopita ndoa iliponishinda, nikiwa na watoto watatu na mabunda mawili ya vyombo. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenipokea, na hakuniuliza kilichotokea. Siku ya tatu alinipeleka nyuma ya zizi, akanionyesha ekari moja, akasema, "Jenga hapa, lima hapa." Ndipo ninapoishi mpaka leo. Mwanangu wa kwanza anasoma chuo cha uuguzi, na nusu ya ada analipa huyo huyo kaka. Nayasema haya mapema ili usije ukamwona mtu mbaya utakaposoma yanayofuata.

Kijiji chetu kina ngitili ya pamoja, kama ekari 120. Kwa msomaji asiyeijua, ngitili ni eneo la malisho tunalolifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii na mti haukatwi mpaka kiangazi kikolee, mwezi wa 7 au wa 8, mabua yakishaisha mashambani. Ndipo linafunguliwa kwa zamu. Humo tunapata majani ya mifugo, kuni, fito, nyasi za kuezekea, uyoga na mizizi ya dawa. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji na katibu wa kamati ya ngitili, kwa hiyo daftari la mipaka liko kwangu. Limeandikwa kwa hatua: kutoka mbuyu mpaka jiwe kubwa, kutoka jiwe mpaka kona ya minyaa, ile miti ya utomvu tunayopandia mipaka, hivyo hivyo mpaka unarudi kwenye mbuyu. Ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ipo ofisini, lakini ukweli ni kwamba watu wanaamini daftari.

Mwezi uliopita kaka alikuja kuazima tupa ya kunolea panga. Panga lilikuwa limeganda utomvu wa minyaa, ule mweupe ambao ukikauka unashika vumbi na kuwa mweusi. Sikuwaza chochote. Siku mbili baadaye nilikwenda kuokota kuni upande wa kusini, shamba lake linakopakana na ngitili, nikakuta mstari mpya wa minyaa umesimikwa ndani. Nilihesabu: hatua 38 kutoka mpaka wa zamani. Mashimo ya ile ya zamani yalikuwa yamefukiwa, udongo bado laini. Mmoja haukung'oka vizuri, kisiki kilikuwa bado kinatoa maziwa. Upande huo una urefu wa hatua 520. Kwa hesabu yangu amemega ekari 3 hivi.

Jioni nilimwendea. Hakukana. Alisema, "Hapo palikuwa kwetu. Wewe hukuwepo." Ni kweli, sikuwepo. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, baba na mama walihamishwa kutoka pale. Kaka alikuwa na miaka 7, mimi nilizaliwa miaka minne baadaye. Anasema pale palikuwa na ngitili ya baba mwenyewe na nyumba yetu, na kwamba wanawe wawili wakubwa hawana pa kulima. Akamalizia kwamba mwenyekiti wa kijiji amemwambia hakuna shida, litawekwa sawa.

Lakini mimi namkumbuka baba tofauti. Nilikuwa na miaka 9 wazee walipokubaliana kurudisha ngitili, zile siku za HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Baba alinishika mkono tukiwa pale pale kwenye kona ya minyaa akaniambia, "Hii ni ya wote, hata ya yule ambaye hana ng'ombe." Ninakumbuka pia kabla ya hapo: tulipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni hazikuwepo.

Mwezi ujao, kabla ya kufungua, kamati na mtendaji wa kijiji tutazunguka mipaka na daftari mkononi, na mimi ndiye ninayesoma hatua kwa sauti. Nikisoma zilivyoandikwa, nimemwanika kaka yangu mbele ya watu. Naogopa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, watamtoza ng'ombe, au atatengwa. Naogopa pia ataniambia niondoke kwenye ekari yake. Nikinyamaza, nitakuwa nimeiuza ngitili, na hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Shangazi yetu, dada wa baba, bado yu hai lakini ni mzee sana, sitaki kumsumbua. Sijamwambia mtu mwingine. Usingizi sina.

Nimchague nani, ndugu yangu au kijiji?

Katibu wa daftari

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale kaka yako anapokuonyesha ekari moja nyuma ya zizi bila kukuuliza swali. Mtu aliyepokelewa namna ile hawezi kuamka asubuhi moja akamgeuka aliyempokea kana kwamba si kitu. Na mtu aliyeshikwa mkono na baba yake kwenye kona ya minyaa hawezi kufunga daftari akalala. Kwa hiyo usijilaumu kwa kukosa usingizi.

Naomba nikurudishie ulichoniambia ili tuone kama nimekuelewa. Kaka yako amesogeza mpaka wa ardhi ya pamoja. Ana sababu mbili: ya zamani, kwamba pale palikuwa pa baba yenu, na ya leo, kwamba wanawe hawana pa kulima. Mwenyekiti amempa maneno ya kumtia moyo. Wewe umekaa juu ya ardhi aliyokupa, unashika daftari linalomkanusha, na siku ya kulisoma imekaribia. Kisha unaniuliza umchague nani.

Swali hilo ndilo ninalotaka tuliangalie kwanza. Umeliweka kama njia panda: huku ndugu, kule kijiji. Lakini kaka yako ni mwanakijiji, na ng'ombe wake wanaingia ngitili ile ile mwezi wa 8. Wanawe watakuwa humo miaka 30 baada yangu mimi na wewe. Ngitili ikiliwa hatua 38 na yeye, jirani wa upande wa pili naye ataona kwamba inawezekana. Huenda kaka yako hajalifikiria hilo, na pengine hakuna aliyewahi kukaa naye akalizungumza bila hasira.

Tuanze na mwaka 1974. Anaposema "hukuwepo", naona jeraha zaidi kuliko ujanja. Mtoto wa miaka 7 anayeona nyumba yao ikiachwa haisahau. Watu wengi wa Usukumani walihamishwa wakaacha mashamba, mazizi na ngitili zao, na hawakuombwa radhi. Kwa hiyo inawezekana kabisa palikuwa pa baba yenu, na inawezekana vilevile kwamba baba huyo huyo, miaka 13 baadaye, alisimama pale akakubali iwe ya wote. Wewe umebeba baba wa 1987, kaka amebeba baba wa 1974, na sioni kwa nini mmoja wenu awe mwongo. Anayewajua baba hao wawili ni shangazi yenu. Unasema hutaki kumsumbua. Sijui, mdogo wangu. Wazee wengi husumbuka zaidi wakigundua mambo ya ukoo yaliamuliwa bila wao.

Kisheria, madai ya zamani ya kaka yako yana mlima mkali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ina kifungu kinachohusu ardhi iliyogawanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Kinathibitisha migao ya wakati ule hata pale ambapo taratibu hazikufuatwa, na kinafuta haki za waliokuwepo kabla. Waliitunga hivyo ili vijiji visirudi kugombania kila kisiki cha zamani. Wako walioumizwa na kifungu hicho, na sitaki kukuambia kwamba ni haki tupu. Ila kaka yako ajue kwamba akisimama mbele ya baraza na hoja ya 1974 peke yake, atakuwa amesimama mahali pabaya.

Na mwenyekiti? Hapa nakuomba usiogope cheo. Chini ya sheria hiyo hiyo, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine. Wenye mali ni wanakijiji. Halmashauri nzima, achilia mbali mwenyekiti mmoja, haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza, yaani watu wazima wote wa kijiji, wake kwa waume. Kwa hiyo "litawekwa sawa" halimlindi kaka yako hata kidogo. Mwenyekiti akibadilika, au akibanwa, atasema hakuwahi kutamka. Atakayebaki na minyaa yake mipya shambani ni kaka yako peke yake. Pengine hili ndilo jambo la kwanza la kumwambia, na unaweza kulisema kwa upendo kabisa: kaka, aliyekuahidi hana uwezo wa kukupa.

Umesema pia hakuna aliyeona isipokuwa wewe. Nina shaka, na nadhani ukitulia utakuwa nayo. Mstari wa hatua 520 wa minyaa umeng'olewa na kusimikwa upya pembeni mwa malisho, na watoto wanaochunga wanapita pale kila siku. Watoto wanaochunga huona kila kitu. Huenda kijiji kinajua tayari na kinangoja kuona katibu atasoma nini. Ikiwa ndivyo, kunyamaza kwako hakutamficha kaka. Kutawaambia watu kwamba daftari nalo linasogea.

Hapo nieleweke vizuri, kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu. Nchi ya Shinyanga ilikatwa miti ili kuangamiza mbung'o, ikalimwa pamba, watu wakahamishwa, ikabaki vumbi. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 haukuleta kitu kigeni. Uliwaambia watu warudie ngitili waliyokuwa wanaijua, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na majani na miti. Walinzi wa serikali wasingeweza kulinda eneo hilo lote. Limelindwa na dagashida, yaani mikutano ya jadi ya Wasukuma, kamati kama yako, majirani wanaoambiana "ng'ombe wako ameingia", na madaftari kama lako yaliyoandikwa kwa hatua za miguu. Ndiyo maana nakichukulia kidaftari chako kwa uzito mkubwa.

Lakini sasa kuna ekari yako. Naona umeitaja kwa sentensi moja, haraka haraka, na nafikiri ndiyo inayokukosesha usingizi kuliko yote. Nikuulize kwa upole: kaka yako amewahi kukutishia kuiondoa? Barua yako haisemi hivyo. Ni woga wako, na una sababu, maana wanawake wengi waliorudi nyumbani wanaishi kwa hisani na wanajua hisani inaweza kuisha. Ujue basi kwamba sheria hiyo ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Umelima pale miaka 11, na wewe ni mwanakijiji. Unaweza kuomba hatimiliki ya kimila ya ekari hiyo kwa jina lako, kupitia halmashauri. Tatizo ni wakati. Ukiomba wiki hii, kaka atasema umeanza kujikinga ili umshambulie, na wajumbe watasema unatumia kiti chako. Ukingoja mpaka mambo yaharibike, utakuwa unaomba katikati ya vita. Labda njia iko katikati: kumwambia yeye mwenyewe, siku mtakapozungumza, kwamba ungependa muiandikishe pamoja, yeye akiwa shahidi. Anaweza kufurahi, anaweza kukasirika. Wewe unamjua, mimi simjui.

Sasa njia zilizo mbele yako, nizionavyo mimi.

Unaweza kurudi kwa kaka kabla ya siku ya mipaka, safari hii ukiwa na shangazi, au shangazi akawaita nyote wawili kwake. Kung'oa minyaa na kuirudisha ni kazi ya siku chache, na mtu akirudisha mwenyewe kabla ya kuitwa, wazee wana namna ya kulimaliza hilo kwa maneno machache. Hatari yake ni kwamba akikataa, atakuwa amejua unachokusudia, na anaweza kwenda kwa mwenyekiti kukutoa kwenye kamati. Ukichukua njia hii, daftari lisiwe nakala moja tu. Sheria inaitaka halmashauri iwe na rejista ya ardhi ya pamoja. Hakikisha hatua zilizomo kwako zinalingana na rejista na ramani ya ofisini, na mtendaji anazo. Hilo ni la kufanya hata kama kaka asingegusa mnyaa mmoja.

Unaweza pia kuiambia kamati mapema: upande wa kusini unapakana na ndugu yangu, naomba mwingine asome hatua za upande huo. Hujamshitaki mtu, hujaficha kitu. Mimi naona kuna heshima ndani yake. Lakini usijidanganye, maneno hayo peke yake yatafanya watu watazame kusini, na kaka anaweza kuona umemsaliti kwa mlango wa nyuma. Ni afadhali ayasikie kwako kabla hajayasikia kwa wengine.

Likifika mbali zaidi, lipo baraza la ardhi la kijiji, watu saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha. Na baraza la kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa ndipo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ni nauli, tarehe baada ya tarehe, na ndugu wasiosalimiana msibani. Nimepokea barua nyingi kutoka kwa watu walioshinda huko, na barua hizo hazina furaha.

Kuhusu sungusungu, woga wako ninauheshimu. Wamelinda mengi, lakini mtu akitengwa kijijini, asiuziwe chumvi, asipewe moto, jeraha lake halifutiki kwa kulipa ng'ombe. Ikiwa unaona jambo linaelekea huko, ni sababu nyingine ya kulileta mapema kwa wazee au baraza, panapoweza kuzungumzwa kwa sauti ya kawaida. Likilipuka siku ya kuzunguka mipaka, mbele ya vijana wenye marungu, hutaweza kulishika tena.

Na njia ya kunyamaza, au ya kusoma hatua pungufu kuliko zilizoandikwa? Sitakusimanga kwa kuifikiria. Ingekununulia amani ya mwaka huu. Lakini wewe uliyehesabu hatua 38 peke yako ukiwa na mzigo wa kuni unaijua amani hiyo kuliko mimi.

Limebaki jambo moja ambalo sioni ukilipa nafasi: wale vijana wawili. Hoja ya 1974 inaweza kuwa dhaifu, lakini kijana asiye na shamba yupo kweli, na bila shaka hayuko kwa kaka yako tu. Sheria inaruhusu kijiji kuwa na ardhi ya akiba kwa ajili ya kugawia wanaohitaji, na mpango wa matumizi ya ardhi unaweza kurejewa na mkutano mkuu. Kaka yako akisimama pale akasema "vijana wetu hawana pa kulima, tuzungumze", atasikilizwa na wazazi wengi wenye shida hiyo hiyo. Mkutano unaweza kusema hakuna ardhi. Unaweza hata kusema, kwa wingi wa sauti na kwa uwazi, kwamba kipande cha ngitili kilimwe, na mimi na wewe tutahuzunika. Lakini ombi hilo ataweza kulitoa mchana kweupe, na wewe, dada yake, unaweza kumsaidia kuliandika. Sijui atakupokea vipi. Ila nafikiri mtu akiletewa njia ya kuombea haki anasikiliza tofauti na mtu anayeletewa mashitaka.

Ukiamua kwenda kwake, nenda jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, na umwombe kwanza akusimulie nyumba ile ya zamani ilivyokuwa: mlango ulitazama wapi, baba alifungia ndama wapi. Msikilize mpaka amalize. Daftari liache nyumbani siku hiyo.